Shemeji Chini ya Ringi

Mimi kazi yangu ni vichwa. Nina kibanda cha kusuka nywele hapa Isiolo mjini, nyuma ya soko, na kwa miaka yote niliyosimama nyuma ya kile kiti nimejifunza kusoma watu kuanzia utosini kushuka chini. Mtu anaweza kukudanganya kwa mdomo, akakudanganya hata kwa macho, lakini shingo haijui uongo. Ikiwa na siri, inakakamaa. Kwa hiyo niaminini ninaposema kwamba Jumamosi ile, kwenye uwanja wa chuo, niliona shingo mbili ninazozijua kuliko zote na sikuelewa hata moja.

Ya kwanza ilikuwa ya mdogo wangu, Ekitela. Anasomea umeme katika chuo cha ufundi hapa mjini, na akiingia kibandani kwangu utadhani amekuja kunyanyua paa. Mungu alipogawa urefu kwetu Ngaremara aliumwaga wote kwa huyo mmoja, sisi wengine akatupangusia mikono. Mpira wa kikapu ameuanza mwaka jana tu, baada ya kocha Salesio kumkuta akibadilisha balbu ya bwalo bila ngazi. Tangu hapo watu huacha biashara zao kuja kumtazama akizuia mipira. Kufunga hajui. Kudunda ndiyo usiseme, mpira humkimbia kama kuku aliyesikia kisu. Lakini mtu akirusha kuelekea ringi, mkono wa Ekitela hutokea hujui wapi, na mpira huenda kuangukia barabarani, au kwenye nyanya za mama wa watu. Uwanja mzima hulipuka, "Mnara! Mnara!" Salesio peke yake hashangilii. Yeye hushika kichwa.

"Unaruka kwa kila kitu!" humfokea. "Mtu akikohoa, umeruka! Simba mwenda pole ndiye mla nyama, kijana. Simama. Wacha arushe kwanza, ndio wewe uende."

Ekitela hujibu, "Sawa, kocha." Kisha mtu anamtishia kwa bega tu, naye yuko angani tayari, na yule mtu anapita chini yake na kufunga taratibu kama anayeanika nguo. Mimi sikushangaa. Tulipokuwa wadogo Mama alimpa kazi ya kusimama mlangoni mwa zizi la vitoto vya mbuzi jioni, avizuie visikimbilie kunyonya kabla mama zao hawajakamuliwa. Yeye alikuwa akikimbiza kimoja, vingine vyote vinapita. Tulikunywa chai ya rangi utoto mzima kwa sababu yake.

Shingo ya pili ilikuwa ya Lodio. Lodio anaendesha lori la kwenda Merti, njia ya tope kila mvua ikinyesha, ni mpole, ana meno mazuri, na alikuwa mchumba wangu. Nasema alikuwa, mtaona mbele. Wazee wake walikuwa wamekuja kwa Mama kwa mara ya kwanza mwezi huo huo, wakanywa chai, wakapewa tumbaku, wakasema yao. Posa ilikuwa imeanza na bado haijaisha. Na Lodio huyo huyo huchezea timu ya mjini. Mfungaji wao mkubwa ndiye yeye.

Sasa, Jumamosi hiyo chuo kilikuwa kinacheza na timu ya mjini, na kwenye benchi la mbele alikaa mwanamke mmoja mwenye kofia na miwani ya jua. Jina lake Kocha Ntinyari. Ni mtu wa Meru lakini kazi yake iko Nairobi, kwenye chuo kikuu kinachochukua wachezaji na kuwalipia masomo. Alikuwa amesikia habari za Mnara. Salesio alikuwa ametueleza bila kuzunguka: akimpenda, Ekitela anakwenda Nairobi kusomea uhandisi. Asipompenda, kijana anamaliza cheti chake na kurudi Ngaremara kungoja mtu mwenye nyumba inayotaka kuwekewa umeme. Hapo Ngaremara angengoja mpaka aote mvi.

Nilifunga kibanda. Nilimwacha mteja mmoja kichwa nusu, nikamwambia arudi Jumatatu, akanitukana, nikaenda. Mama alikuwa amefika kutoka nyumbani, amevaa shanga zake zote, amekaa wima kama aliye kanisani. Hakuwa amewahi kuona mchezo huo maishani mwake.

Filimbi ikalia. Lodio akapewa mpira, akakata upande wa kulia, akafika chini ya ringi. Hapo ndipo Ekitela alipo. Mimi nikaanza kuinuka kabisa, kwa sababu najua kinachofuata: mkono, kofi, mpira barabarani.

Ekitela hakuruka. Aliinua mikono miwili juu, wima, akasimama hapo kama nguzo ya stima. Lodio akarusha. Mpira haukugusa ringi, wala ubao, wala wavu. Ulipita pembeni huko ukaenda zake.

"Bahati," nikasema, nikakaa.

Mara ya pili ikawa vile vile. Mmoja amesimama wima, mwingine anakosa. Mara ya tatu Lodio alikuwa peke yake karibu na ringi, mahali ambapo hata mimi na viatu vyangu vya mpira ningefunga, akatazama, akaona Ekitela anakuja, akarusha mpira juu ya ubao. Watu wakaanza kuguna. Mmoja nyuma yangu akauliza, "Kwani huyu dereva amelala kwa usukani?" Wengine wa timu ya mjini walipokuja, Ekitela akawasimamia hivyo hivyo bila kuruka, kama mtu aliyekatazwa kucheka kanisani na sasa anaogopa hata kupumua. Hao angalau walifunga kidogo.

Nikatazama shingo. Ya Ekitela ilikuwa imeinama. Ya Lodio ilikuwa imekakamaa kama mpini wa jembe. Kichwa changu kikaanza kuzunguka. Mdogo wangu ni mgonjwa? Kuna mtu amemlisha kitu? Au wamepatana, hawa wawili, wameuza mechi siku hii, siku ambayo mtoto wetu anapimwa? Kocha Ntinyari alikuwa amevua miwani na anatazama sana, na usoni mwake sikuweza kusoma kitu. Kofia ilimfunika mpaka kisogoni.

Mama tu ndiye aliyekuwa ametulia. Anatafuna tumbaku yake, anatabasamu.

"Kijana iko na adabu," akasema.

"Adabu gani, Mama? Hachezi! Huoni hachezi?"

"Nilimwambia jana. Nilimwambia, wewe kesho unakutana na Lodio, na Lodio ni shemeji. Shemeji haipigwi juu ya kichwa."

Nikamgeukia. Kwetu ni kweli kuna jambo hilo, angalau kwa ukoo wetu. Tangu siku wazee wanapokunywa ile chai ya kwanza mpaka siku ng'ombe wa harusi anapochinjwa, vijana wa nyumba hizo mbili hushikana kama mayai. Hawapandishiani sauti. Hawainuliani mkono, na zaidi ya yote mkono haupandi juu ya kichwa cha mwenzio. Lakini hilo ni la nyumbani, la kisimani, la njiani. Nani aliwahi kusikia limeingia uwanjani?

"Mama! Si kichwa anapiga. Ni mpira!"

"Na hiyo mpira iko wapi?" Mama akauliza kwa upole. "Si iko juu ya kichwa?"

Mwanamke hajawahi kuona mchezo huu, na hesabu yake ilikuwa sawa.

"Na Lodio?" nikauliza mwisho.

"Lodio pia iko na mama. Unafikiri ataweka kitu kwa uso ya shemeji yake? Atapitisha juu yake hivi hivi, watu wakiona?" Akatema tumbaku pembeni. "Ni watoto wazuri. Umepata watu, Sharon."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Mmoja hazuii kwa heshima, mwingine hafungi kwa heshima, na mtu mzima ametoka Nairobi kuja kutazama heshima hiyo bila kuijua. Salesio alikuwa anatembea pembeni mwa uwanja akiongea peke yake kwa Kimeru. Mapumziko yalipofika nilihisi damu imenipanda mpaka masikioni. Nilimpenda Lodio, sikatai. Lakini Ekitela nilimbeba mgongoni, nikamlisha, nikamnunulia viatu vya kuchezea ambavyo niliviagiza mbali, kwa sababu saizi ya ule mguu wake haikupatikana Isiolo yote. Kwangu hakukuwa na mizani hapo.

Nikaingia uwanjani, aproni ya kazi kiunoni, kitana kimechomekwa kwenye nywele zangu.

"Lodio! Ekitela! Nisikizeni, na watu wote wasikie!" Uwanja mzima ukanigeukia. "Kuanzia sasa hivi mimi sio mchumba ya mtu. Posa imekufa. Nimeua mimi mwenyewe, Sharon Nakuam. Hapa hakuna shemeji! Kwa hivyo chezeni mpira!"

Watu wakacheka mpaka wengine waliokalia ukuta wa uwanja wakaanguka. Akina mama wa sokoni wakapiga vigelegele. Mama alijifunika shuka usoni. Lodio alinitazama kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi akiwa usingizini, kisha akaokota mpira.

Nusu ya pili, jamani. Lodio aliyerudi hakuwa yule. Alicheza kwa hasira, na hasira ilikuwa yangu, nilijua. Alimtishia Ekitela kwa bega la kushoto, Ekitela akaruka, Lodio akafunga. Akamtishia kwa macho tu, Ekitela akaruka na kumwangukia. Fauli. Lakini mdogo wangu naye alikuwa amefunguliwa kamba. Alizuia mmoja kwa mkono wa kushoto, mpira ukavuka ukuta, mtu wa bodaboda akaudaka akiwa juu ya pikipiki. Akazuia mwingine uliokuwa umeshaanza kushuka, refa akakataa, maana mpira unaoshukia ringi hauguswi, watu wakataka kumla refa. "Mnara! Mnara!" Mimi nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Nikajiambia, aone huyo wa Nairobi, aone sasa! Fauli zikaendelea kuhesabiwa mpaka Ekitela akatolewa nje kabla ya mwisho, na chuo kikashindwa vibaya. Sikujali. Mnara alikuwa ameonekana.

Watu walipotawanyika, Kocha Ntinyari akaja tulipokuwa tumesimama: Salesio, Ekitela, Mama na mimi. Lodio alikuwa karibu, anavua viatu, ametugeuzia mgongo.

"Nitasema ukweli," akaanza, na alikuwa anamwambia Salesio. "Mapumziko yalipofika nilikuwa nimeshaamua. Kijana mrefu hivi, amecheza mwaka mmoja, na anajua kusimama wima, mikono juu, hagusi mtu, haruki ovyo, mpaka mfungaji mkubwa wa mji mzima anakosa kila kitu. Hiyo mimi huifundisha miaka na wengine hawashiki. Nikasema huyu naondoka naye." Akamtazama Ekitela. "Halafu ikaja nusu ya pili, na sijui ni nani aliingia. Panzi. Mikono anayo, kipaji anacho, lakini ni panzi. Sasa sielewi. Nimechanganyikiwa kabisa."

Mdomo huponza kichwa, wanasema, lakini wangu ulikuwa umeponza kichwa cha mwingine. Ningekaa benchini kimya, nikala karanga, mtoto angekuwa amekwenda Nairobi.

Salesio alikuwa mwepesi. "Madam, huyu kijana iko na malaria. Nusu ya pili ilimpanda—"

"Si malaria," Ekitela akasema.

Sote tukamgeukia. Ekitela si mtu wa maneno. Alikuwa anatazama viatu vyake.

"Nusu ya kwanza haikuwa mchezo, kocha. Ilikuwa adabu. Huyu alikuwa shemeji yangu. Sikutaka kuinua mkono juu yake. Na yeye hakuwa anakosa, alikuwa ananiheshimu." Akainua uso. "Panzi ndio mimi."

Salesio akafumba macho. Mama, ambaye hakuelewa panzi ameingiaje, akatikisa kichwa kukubali adabu. Kocha Ntinyari akamtazama Ekitela, akamtazama Lodio, akanitazama mimi na kitana changu kichwani.

"Hata kwetu mkwe ni mkwe," akasema polepole. "Lakini sasa mimi nimeona nini leo?"

Ningekuwa najua ningesema.

Kocha Ntinyari akaokota mpira na kumtupia Lodio. "Wewe. Vaa viatu. Mrushie mipira mitatu, wewe na yeye peke yenu. Na wewe," akamwambia Ekitela, "usiniulize nataka yupi, anayesimama au anayeruka. Mimi mwenyewe sijui."

Wa kwanza, Lodio alitingisha bega. Ekitela akaruka kama kawaida yake, Lodio akapita chini na kufunga. Salesio akageuka akatazama ukuta.

Wa pili, bega likatingishika tena. Visigino vya Ekitela viliinuka, vikasita, vikarudi chini. Aliporuka alikuwa amechelewa, mpira ukamgusa ukucha na kuingia.

Ukabaki mmoja. Lodio aliushika, akaufuta kwenye bukta, na kabla ya kuanza akanitazama. Mara moja tu. Kisha nikaiona ile shingo. Ilikakamaa kama vile nusu ya kwanza, na nikaelewa: atakosa. Atakosa makusudi, atupe zawadi, baada ya yote niliyomfanyia mbele ya mji. Na nusu ya moyo wangu ilisema mwache, Sharon, nyamaza, mara hii tu nyamaza. Nairobi iko hapo.

"Lodio," nikasema. Sauti haikuwapo, ilitoka kama ya mzee. "Usitudanganye."

Alisimama kidogo. Shingo ikalegea, ikawa shingo ya mtu tu.

Akaja kwa kweli. Bega la kulia, Ekitela hakuondoka. Bega la kushoto. Hakuondoka, mikono imepanuka, magoti yamekunjwa, na mimi nikamwona mtoto aliyesimama mlangoni mwa zizi, isipokuwa mara hii hakukimbiza kitu. Lodio akaruka, mpira ukamtoka mkononi. Hapo tu ndipo Ekitela alipokwenda, wa mwisho, bila haraka. Hakupiga kofi. Mpira ulisimama kwenye kiganja chake, juu kabisa ya kichwa cha Lodio, na akashuka nao.

Kisha akawa hajui aufanyeje. Alisimama na mpira, anatutazama mmoja mmoja. Mwishowe akamgeukia Lodio, akaushika kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukashika kiwiko, akainamisha kichwa kidogo na kumpa, vile tunavyompa mkubwa maji ya kunywa. Lodio akaupokea kwa mikono miwili.

Kocha Ntinyari alivuta pumzi. "Kipaji kipo," akamwambia Salesio. "Na ana nafasi kubwa sana ya kukua."

"Akue tena?" Mama akashtuka. "Ataingia kwa mlango gani?"

Hapo hata Salesio alicheka. Namba za simu zikachukuliwa. Kijana angeanza Nairobi mwezi wa tisa. Ekitela alininong'oneza, "Dada, amechukua yupi? Yule anasimama ama yule anaruka?" Nikamwambia sijui, na kweli sijui mpaka leo. Nilimkumbatia kiunoni, ndipo ninapofika.

"Sasa posa inarudi," nikamwambia Mama, kwa furaha, kama jambo dogo. "Mchezo si umeisha?"

Mama hakucheka. "Ulisema mbele ya watu. Maji ikimwagika haizoleki. Kama anataka, wazee wake waanze upya, kutoka kwa ile chai ya kwanza." Akaokota shuka lake. "Kama anataka."

Nilimfuata Lodio langoni. Alikuwa ameweka viatu begani, anatembea bila haraka.

"Ulicheza vizuri," nikamwambia.

"Dogo anakuja vizuri. Ataenda mbali."

"Lodio. Wazee wako watakuja lini?"

Alinitazama, akatabasamu kwa yale meno. "Mungu akipenda. Barabara ya Merti ikikauka."

Nikaitafuta shingo yake, nijue. Alikuwa amejifunga taulo kutoka masikioni mpaka mabegani.